Saini Pekee Haifungui Geti



Toleo hili linahusu makubaliano ambayo idara za forodha za nchi tofauti hutambua wafanyabiashara walioidhinishwa na wenzao. Mfanyabiashara wa aina hii haaminiwi kwa maneno. Forodha hupekua hesabu zake, kumbukumbu zake za kodi, ghala lake na namna anavyolinda lakiri za makontena. Akifaulu, shehena zake hukaguliwa mara chache, na zikikaguliwa hutangulizwa. Shirika la Forodha Duniani liliweka viwango vya mpango huu mwaka 2005. Mwaka 2007 New Zealand na Marekani zikawa za kwanza kutambuana. Uganda ilitia saini makubaliano kama hayo na China mwaka 2021.

Tunazipongeza saini hizo, lakini hazitoshi. Chukua kontena la kahawa kutoka Kampala kwenda Shanghai. Msafirishaji amepimwa na kuidhinishwa nyumbani. Kule bandarini, nafuu yake inategemea namba moja ya utambulisho, ambayo mwagizaji anapaswa kuijaza kwenye tamko lake la forodha. Asipoijaza, au mfumo wa kompyuta usipoitambua, ofisa wa zamu hana namna ya kumtofautisha msafirishaji huyo na mtu asiyejulikana. Kontena litasubiri foleni, na gharama za kusubiri zitamwangukia mnunuzi au mkulima.

Wapo wanaohofu kwamba mpango huu utawapa walanguzi upenyo. Hofu hiyo ina msingi pale taarifa zinapochelewa. Aliyefutiwa idhini asubuhi asivuke mpaka wa nchi jioni kwa jina lilelile. Ndiyo maana orodha za nchi zinazotambuana lazima zisomane kila siku.

Wadogo nao wasiachwe nje. Mkataba wa Uwezeshaji Biashara wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika Februari 2017, unataka vigezo visiwafungie mlango wafanyabiashara wadogo na wa kati, kadiri inavyowezekana. Mwenye ghala dogo apimwe kwa uadilifu wa hesabu na usalama wa mzigo wake, si kwa wingi wa kamera alizofunga.

Kwa wakuu wa forodha wa Afrika Mashariki, ombi letu ni hili: kabla ya kutia saini makubaliano mengine, fuatilieni shehena moja tangu ghalani hadi inapopokelewa. Palipokwama, parekebisheni kwanza.

Mhariri