Shahada za Riadha Zishuke Uwanjani

Wapo wananchi ambao wakisikia kijana amekwenda chuo kikuu kutafuta shahada ya pili ya sayansi ya michezo, huangua kicheko. Huuliza, "Kukimbia nako kwasomewa?" Mimi nasema kwasomewa, na wageni walilitambua jambo hilo kabla yetu.

Mwaka 1968 Kipchoge Keino alipotwaa dhahabu ya mita 1,500 huko Mexico City, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, ulimwengu ulitaka kujua siri yetu. Sisi tulijibu kwa majivuno. Wataalamu wakajibu kwa kupima. Bengt Saltin wa Sweden na wenzake waliwapima wakimbiaji wetu, na mwaka 1995 wakachapisha matokeo. Kwa uwezo wa kuvuta hewa na kuitumia, Mkenya hakumpita sana bingwa wa Skandinavia. Ila alikwenda mwendo ule ule kwa nguvu chache zaidi.

Si kwamba hatuna wasomi wetu. Mike Boit, aliyepata shaba ya mita 800 huko Munich mwaka 1972, alisoma Marekani hadi akapata udaktari, kisha akarudi kufundisha katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Yeye na Vincent Onywera walikuwa miongoni mwa waandishi wa utafiti wa mwaka 2006 uliochunguza mabingwa wetu wametoka wapi, na kama walikuwa wakienda shule mbio.

Lakini je, elimu hiyo humfikia nani? Tumtazame binti afanyaye mazoezi asubuhi na jioni ilhali hali chakula cha kutosha. Hedhi yake yakoma. Kocha afurahi, adhani sasa mwili umeiva kwa mashindano. Kumbe mwili walia njaa, na mifupa yaanza kudhoofika! Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa onyo kuhusu hatari hiyo mwaka 2014, lakini onyo lenyewe liliandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu.

Nitaambiwa kwamba Brother Colm O'Connell alifika Iten mwaka 1976 akiwa mwalimu wa jiografia, asiye na cheti cha riadha, na bado akamlea David Rudisha. Ni kweli. Lakini yeye alitazama, akakosea, akajifunza kwa miaka mingi. Huo nao ni utafiti. Je, binti yule aweza kungoja miaka yote hiyo?

Kwa hiyo naona hapana budi kila apataye shahada hiyo atakiwe kurudi kambini na kuwaeleza makocha na wakimbiaji, kwa Kiswahili chepesi, yale aliyoyagundua. Wao ndio waliotoa jasho na damu yao ipimwe. Wahenga walisema, elimu bila amali ni kama nta bila asali. Nta tunayo tele katika maktaba. Wakimbiaji wetu wanaingoja asali.