Maktaba Iliyogeuka Stoo

Katika mji mdogo wa kando ya Ziwa, si mbali na Mwanza, ambako huwa tunakwenda kwa utume, lipo jengo ambalo wazee bado wanaliita "maktaba". Ndani kuna mizani, magunia matupu na viti vilivyovunjika miguu. Siku hizi tunasikia litaezekwa upya na kupakwa rangi. Hatupingi. Tunaomba tu historia yake ikumbukwe kwanza, maana maktaba ile haikufa kwa sababu ya bati.

Mwaka 1968 Serikali, ikishirikiana na UNESCO, ilianzisha katika mikoa ya Ziwa mradi wa majaribio wa elimu ya watu wazima, makao yakiwa Mwanza. Vitabu vya kisomo vilihusu pamba, migomba, uvuvi na ufugaji. Mtu alijifunza herufi kwa habari za shamba lake mwenyewe. Lakini aliyejua kusoma asipopata cha kusoma, husahau. Ndipo zikaja maktaba za vijiji, na gazeti la Elimu Haina Mwisho likawa linatoka hapa hapa Mwanza. Mwaka 1967 watu wazima wapatao 67 katika kila 100 nchini hawakujua kusoma. Kufikia 1986 walihesabiwa kuwa 10 hivi.

Kisha hali ya uchumi ikawa ngumu, karatasi ikaadimika, vitabu vipya havikuletwa. Vya zamani vilichakaa mikononi mwa watu (kifo cha heshima kwa kitabu) na chumba kitupu hakikosi mpangaji.

Tunamfikiria Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyesoma Seminari ya Rubya. Alimaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Ikachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, naye akafariki mwaka uliofuata. Kijana wa Nansio leo akitaka kumsoma Bwana Myombekere, aende wapi?

Kwa hiyo, kabla ya rangi, tunauliza: nani atashika ufunguo, na fungu la kununua vitabu kila mwaka litatoka wapi?

Nasi hatuna mikono safi. Maktaba yetu seminarini ina rafu tusizozigusa, na wanafunzi wa sekondari ya jirani huishia getini. Jumamosi mchana vyumba vile havina mtu. Tumewaomba walezi wetu waruhusu vifunguliwe saa hizo, na tumejitolea kukaa zamu. Bado tunasubiri jibu.