Sauti ya Kukwaruza Si Aibu

Vijana wengi wa Ufipa wameaminishwa kwamba huwezi kutoa wimbo wa maana mpaka usafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi Dar es Salaam, umlipe prodyuza mwenye jina na urudi na sauti iliyong'arishwa. Imani hiyo ni ya uongo, na inaua vipaji vya hapa Pito kabla havijasikika hata Sumbawanga mjini.

Hiyohiyo Dar es Salaam inawasuta. Muziki wa mchiriku ulizaliwa uswahilini kwa vinanda vidogo vya Casio, ngoma za kujitengenezea na vipaza sauti chakavu. Sauti ilipasuka, ikakwaruza, ikapenya kelele za mtaa, na ndivyo ilivyotakiwa, maana wachezaji walikuwa uani na barabarani. Wenye nazo wakauita muziki wa wahuni. Wanamuziki wa kundi la Jagwa Music hawakuulainisha, na mwaka 2012 albamu yao, Bongo Hotheads, ikatolewa na Crammed Discs ya Ubelgiji. Muziki wa singeli nao ukapita njia hiyo. Mwaka 2017 kazi za studio ya Sisso ya Mburahati, jijini humo, zenye mapigo yanayopita 200 kwa dakika, zilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala.

Hata Marekani ilikuwa hivyo. Mwaka 1980, bendi ya panki ya Teen Idles ya mjini Washington ilipovunjika, vijana wake walichukua akiba ya maonyesho wakatoa santuri wenyewe. Majalada waliyakunja na kuyagundisha kwa mikono. Hapo ikaanza lebo ya Dischord, na panki kali ya mji ule ikapata mahali pa kutokea bila kubembeleza kampuni yoyote.

Nitajibiwa kwamba vyombo bora vinasaidia. Vinasaidia, sikatai. Lakini anayekulipia studio ndiye atakayekuchagulia la kusema. Nani atagharamia wimbo wa mkulima anayemlaani mlanguzi aliyemnyonya bei ya mahindi? Wimbo huo ataurekodi mkulima mwenyewe, au hautakuwepo. Na ukikwaruza, mkwaruzo huo utabeba hasira yake vizuri kuliko mashine yoyote ya kulainisha sauti.

Kujitegemea si jambo geni katika nchi hii. Wazee wetu waliyeyusha chuma kwenye malungu, tanuri ndefu za udongo zilizovuta hewa zenyewe bila mivukuto, kwa mawe na makaa ya hapahapa Ufipa. Majembe yaliyotokana na chuma hicho yalilima.

Basi vijana wa Pito, rekodini kwa simu mliyo nayo. Kodini spika, pigeni uwanjani, sambazeni nyimbo kwa kadi za kumbukumbu za simu na kwa bodaboda. Redio za mkoa zizipige bila kuuliza zilitoka studio gani. Manispaa ifungue kumbi zake kwa wasio na fedha za kukodi. Wimbo wa kwanza ukiwa na kasoro, wasikilizaji watawaambia, nanyi mtatoa wa pili ulio bora. Anayesubiri studio hasahihishwi na mtu.