Mfumo Umekataa

Najua nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, kazi imenibana kweli kweli. Leo siandiki kuhusu Python wala kuhusu seva zinazozimika usiku wa manane. Leo nataka kugombana na watu, na wengi wao ni wanaprogramu kama mimi.

Jumatatu niliketi na mteja anayetaka programu ya simu ya kukopesha wafanyabiashara wadogo. Alikuwa amechora fomu ya usajili kwenye karatasi: jina la kwanza, jina la ukoo, nambari ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, kabila. Kando ya kila kisanduku ameweka nyota nyekundu, yaani hiki ni lazima kijazwe. Nikamuuliza kabila ni la nini. Akanijibu, "Weka tu bwana, fomu zote huwa nalo." Nikamwambia nitafikiria. Nimefikiria siku nne na kila siku hasira inapanda, kwa hivyo leo naimwaga hapa.

Kila Mkenya amewahi kusimama mbele ya dirisha la ofisi akaambiwa, "Mfumo umekataa." Karani husema hivyo akitazama kioo cha kompyuta, hakutazami wewe. Na wewe unaondoka, kwa maana utabishana vipi na mfumo? Lakini mfumo haukatai kitu, jamani. Kuna mtu aliandika mstari unaosema: kikija hiki kubali, kikija kile kataa. Mtu huyo ana jina na mshahara. Huenda siku hiyo alikuwa na usingizi. Huenda alikuwa mimi.

Na kusema kweli, alikuwa mimi. Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo ilikuwa kuandika fomu ya kampuni moja iliyokuwa ikishughulikia malipo ya wakulima wa maziwa. Kwenye kisanduku cha jina nikaweka kanuni fupi: herufi A hadi Z, basi. Niliiogopa ritifaa. Chuoni tulifundishwa kwamba ritifaa ni mlango wa wezi, kwamba mtu akiipenyeza kwenye fomu iliyoandikwa ovyo anaweza kuidanganya hifadhidata itekeleze amri zake. Ni kweli. Dawa yake pia inajulikana tangu zamani: unatenganisha data na amri, halafu mtu aandike jina lake apendavyo. Mimi nikachukua njia ya mvivu, nikaipiga ritifaa marufuku.

Sasa sikilizeni kichekesho. Jina langu la tatu, la babu, lina ritifaa mbili. Sikugundua kosa kwa sababu nilipokuwa nikijaribu fomu nilijiandika "Test Test".

Miezi michache baadaye shangazi yangu akanipigia simu. Pesa zake za maziwa zimekwama. Kwenye kitambulisho jina lina ritifaa, kwenye fomu halina, na programu iliyolinganisha majina ikaamua hao ni watu wawili. Alinipigia mimi kwa sababu nyumbani mimi ndiye mtoto wa kompyuta. "Wewe uliyesoma mambo haya, niambie, shida ni nini?" Nikamwambia, "Shangazi, mfumo umekataa."

Msiniambie ritifaa ni pambo. Tega sikio usikie *ngano*, kisha *ng'ambo*. Hizo ni sauti mbili. Anayeandika Ng'ang'a bila ritifaa ameandika jina la mtu mwingine. Mwaka wa 2010 mwanaprogramu mmoja, Patrick McKenzie, aliandika orodha ya mambo 40 ambayo sisi huyaamini kuhusu majina ya watu, na yote ni uongo: eti kila mtu ana jina la ukoo, eti jina halibadiliki, eti lina herufi hizi na si zile. Imepita miaka zaidi ya kumi na bado tunaandika A hadi Z. Nchini mwetu wenyewe! Mmarekani aliyeibuni fomu hiyo hamjui Nyong'o, tumsamehe. Lakini wewe umekaa meza moja na Kang'ethe, unamwita kila asubuhi, kisha unarudi kwenye kompyuta yako unaandika kwamba hayupo.

Haya, hayo ni ya maziwa. Kuna makubwa zaidi, na hapa nawaomba mnisome polepole.

Kambi za Dadaab, kule Garissa, zilifunguliwa 1991 serikali ya Somalia iliposambaratika. Wakimbizi walipewa kadi na kwa kadi hiyo wakapata chakula. Nje ya kambi waliishi Wakenya, wengi wao Wasomali vilevile, lugha moja na dini moja na wakimbizi, na ukame ulipokuja mifugo yao ilikufa kama ya kila mtu. Wao hawakuwa na kadi. Kwa hivyo wazazi wengine walifanya ambalo mzazi yeyote angefanya: waliwaandikisha watoto wao kama wakimbizi, wale. Watoto wakaweka vidole, alama zikahifadhiwa.

Miaka ikaenda. Mtoto akafika 18, akaenda kuomba kitambulisho. Akaweka vidole tena. Mashine ikatafuta, ikapata: huyu ni mkimbizi. Ombi limekataliwa.

Hao si mtu mmoja wala kumi. Ni maelfu, na kesi zao zimefika hadi mahakamani. Fikiria maisha bila kitambulisho nchini Kenya. Huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, kwa hivyo huna M-Pesa. Huwezi kupiga kura. Kazi ya maana huipati, na kwenye vizuizi vya barabara kutoka Garissa kuelekea Nairobi unateremshwa basini. Kisa? Uligawiwa unga ukiwa na miaka sita.

Kinachonikosesha usingizi mimi kama mtu wa kazi hii ni kwamba programu ile haikuwa na hitilafu. Ilifanya kazi barabara! Kidole kilichotafutwa ndicho kilichopatikana. Kosa liko kabla ya hapo, siku fulani mtu alipobuni jedwali. Aliweka kitu ambacho ni tukio, yaani siku fulani mtoto huyu aliandikishwa mahali fulani ili apate chakula, akakifanya kuwa sifa ya mtu, kama kimo au aina ya damu. Ukimbizi ukawa sehemu ya kidole. Na hakuna aliyeweka njia ya kurekebisha, kwa sababu nani huwaza kwamba mkimbizi atarudi aseme si mkimbizi? Sisi ambao tumekaa darasani miaka minne kusomea hifadhidata tunajua tofauti ya tukio na sifa. Ni somo la muhula wa pili.

Halafu hifadhidata moja hulisha nyingine. Serikali ilipoleta Huduma Namba mwaka wa 2019, Wanubi walikuwa miongoni mwa waliokwenda mahakamani. Hawa ni watu ambao wazee wao waliletwa na Waingereza kutoka Sudan kama askari, wakaishi Kibra zaidi ya miaka mia moja, na bado vijana wao walikuwa wakiitwa mbele ya kamati kuhojiwa kama kweli ni Wakenya. Hoja yao ilikuwa ya kawaida kabisa. Kama kuingia kwenye sajili mpya kunahitaji karatasi za zamani, na karatasi za zamani tulinyimwa, sajili mpya itatunyima mara ya pili, safari hii kwa kasi ya kompyuta. Januari 30, 2020, Mahakama Kuu ikasema mpango usiendelee kabla ya kuwekwa kanuni za kutosha, na kwamba kukusanya DNA na mahali watu wanapoishi kwa GPS ni kinyume cha katiba. Mawakili walishinda kiasi. Mimi nauliza tu: kabla ya mawakili, wale wahandisi walikuwa wapi? Hakuna hata mmoja aliyeinua mkono mkutanoni akauliza, DNA ya nini?

Narudi kwa kabila, maana ndilo lililonileta.

Mwaka wa 2007 nilikuwa na miaka kumi. Baada ya uchaguzi, tukiwa kwenye matatu, utingo aligeuka akatuambia kuna vijana wameweka mawe barabarani mbele, kila mtu afiche kitambulisho chake. Mama alikiingiza ndani ya kiatu changu, kwa sababu mtoto hapekuliwi. Kitambulisho cha wakati ule hakikuwa na neno "kabila", lakini kilikuwa na majina matatu na kilikuwa na wilaya, tarafa na lokesheni, na kwa mwenye panga hayo yalitosha. Watu 1,133 waliuawa katika ghasia zile kwa hesabu ya tume ya Jaji Waki. Sasa mteja wangu anataka niichukue habari hiyohiyo, ya maelfu ya watu, niipange vizuri kwenye safu moja inayoweza kutafutwa kwa sekunde moja. Bila sababu. Kwa mazoea tu.

Kuna msomaji ataniambia, mbona Wamakonde walitembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi Oktoba 2016 wakidai kutambuliwa, na mwaka uliofuata wakafurahi kupewa vitambulisho na kuitwa kabila la 43? Washona wakafuata 2021, Wapemba 2023. Ni kweli, na hapa hoja yangu inachechemea kidogo, nakiri. Kuhesabiwa kuna faida yake. Lakini angalia vizuri walichokuwa wakidai: uraia. Kabila lilikuwa mlango waliolazimishwa kupitia kwa sababu menyu ilikuwa na majina 42 na wao hawakuwemo. Tena katika sensa ya 2009, walipoulizwa kabila, zaidi ya watu 600,000 walijibu "Mkenya" na kunyamaza. Hao mteja wangu angewanyima mkopo, maana kisanduku kina nyota.

Na lile jibu letu maarufu, kwamba sisi ni mafundi tu, mwenye nyumba ndiye anayeamua? Fundi akiambiwa ajenge nyumba isiyo na mlango atacheka, ataondoka na mwiko wake. Sisi tunasema sawa, nitamaliza Ijumaa.

Jana usiku nilimwandikia mteja barua pepe. Kila kisanduku nimekiwekea swali moja: ukikosa jibu hili, ni kazi gani itakayokushinda? Nikamkumbusha kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaliweka kabila katika data nyeti, na kwamba usikusanye usichokihitaji. Leo asubuhi amejibu: kabila liondoke, jina la ukoo lisiwe lazima. Lakini jinsia ibaki na nyota, na majibu yawe mawili tu, mume na mke, "hapo usinisumbue." Nimemtumia hesabu ya sensa ya 2019, ya kwanza nchini kuwahesabu wenye jinsia mbili: watu 1,524. Hajajibu. Jumatatu tuna mkutano.

Fomu mpya nimeijaribu kwa jina la babu, na ritifaa zake zote mbili. Imepita. Shangazi bado sijampigia.