BWANA SHAMBA ANAZUNGUMZA NAWE: Mti Uliolala

Ndugu msomaji, mwezi huu ufuta usubiri kidogo. Twende porini.

Chuoni mpingo niliusoma katika picha. Picha ilikuwa na majani mengi. Nilipofika Kilwa ilikuwa kiangazi. Nikaona mti wenye miiba, hauna jani hata moja. Nikasema, "Huu umekufa. Ukatwe." Mzee mmoja akacheka. Akakwangua gome kwa kisu. Chini yake palikuwa pabichi. "Mwanangu," akasema, "huu ni mpingo. Umelala tu, unangoja mvua." Niliona haya, kwa maana cheti kilikuwa mfukoni.

Wengine pia wamekuja kusoma huku. Mwaka 1996 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walikuja mkoani Lindi kuuchunguza mpingo. Hawakukaa darasani. Waliingia msituni, wakapima miti. Miaka iliyofuata wakaja wengine. Kutokana na kazi hiyo likazaliwa shirika la kuhifadhi mpingo wilayani Kilwa. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha kimataifa cha kutunza msitu vizuri.

Kwa nini kupima? Mpingo hukua polepole mno. Huweza kupita miaka 70 kabla haujafaa kuvunwa. Mfanyabiashara anajua kwamba kiini chake cheusi hutengenezwa klarineti huko Ulaya. Wewe usipojua kijiji kina miti mingapi, na minene kiasi gani, atataja bei naye, nawe utaitikia tu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuvuna kwa mpango na kupata fedha.

Basi chukua utepe wa fundi cherehani. Zungusha shinani, sentimeta 130 kutoka ardhini. Andika katika daftari tarehe, mahali na kipimo. Gonga shina kwa kisogo cha shoka. Likilia kama ngoma, ndani mna uwazi. Mbao yake haitafaa sana. Tia alama ya rangi. Mwaka ujao rudi mwezi ule ule.

Pengine hutaona tofauti yoyote. Usiulaumu utepe.

Nenda pamoja na mzee anayeijua miti, na mtoto wa shule wa kuandika. Vaeni viatu. Miiba ile haichagui mwenye cheti.