MTAKA CHA MVUNGUNI SHARTI AINAME

Mwezi Julai mwaka 2007 wavuvi wa Kaskazini Unguja walimvua, karibu na Nungwi, samaki wa aina ya silikanti. Huyu ndiye samaki ambaye wataalamu wa dunia nzima walikwisha mwandika katika orodha ya viumbe vilivyotoweka tangu mamilioni ya miaka, mpaka mmoja aliponaswa na meli ya uvuvi huko Afrika ya Kusini mwaka 1938. Katika mwambao wa Tanzania Bara wavuvi walianza kumpata mwaka 2003.

Habari ile ilitupa fahari, nayo ilikuwa haki yetu. Lakini ilipasa pia itutie haya kidogo. Samaki yule hakuletwa na meli ya kigeni. Alikuwa akiishi chini ya ngalawa na mashua zetu, na babu zetu walipita juu yake kusi na kaskazi. Sisi tulimjua jirani yetu kwa maiti yake.

Wahenga walisema kwamba maji usiyoyafika hujui wingi wake. Watu wa visiwa hivi wameyafika maji mengi. Mvuvi wa dema anaujua mwamba bila ya kuuona, na mama anayeshuka pwani wakati wa bamvua anayajua mapango ya pweza kama anavyoijua milango ya majirani zake. Hata hivyo elimu hiyo ya mkono na mguu ina mpaka wake, nayo hukoma pale pumzi ya mzamiaji inapokoma. Mzamiaji mwenye mitungi ya hewa naye, kwa kawaida, haendi zaidi ya mita 40, na gharama ya mitungi, ya mashine ya kuijaza na ya mafunzo haiwezi kubebwa na skuli wala na kamati ya wavuvi. Chini ya hapo hutegemewa meli za utafiti, na meli hizo aghalabu ni za wengine. Huja, hupima, hupiga picha, huondoka.

Kwa sababu hiyo leo tunapenda kulizungumzia jambo ambalo huenda baadhi ya wakubwa wakalicheka kabla ya kulisikiliza. Tunasema kwamba vijana wetu wa skuli na wa vyuo vya ufundi wanaweza kujitengenezea roboti wa chini ya maji, yaani mtambo mdogo usiochukua mtu, wenye kamera na taa, unaoshushwa baharini kwa waya na kuongozwa na mtu aliyekaa chomboni.

Jambo hili si ndoto. Mwaka 1997 huko Kanada, Harry Bohm na Vickie Jensen walitoa kitabu cha kuwafundisha watu wa kawaida namna ya kuunda mtambo wa aina hiyo kwa vifaa vya madukani. Mwaka 2003 Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Marekani, kiliyachukua mafunzo hayo na kuyafanya kuwa mpango wa skuli, ukaitwa SeaPerch. Kiunzi cha mtambo wake ni mabomba ya plastiki yanayotumiwa na mafundi wa maji. Mota zake tatu ndogo hutiwa katika vikopo vya filamu za picha na kuzungushiwa nta ili maji yasipenye. Nguvu zake hutoka katika betri ya volti 12 inayobaki juu, na waya wake una urefu wa mita kama 15.

Fundi wa chombo wa Nungwi au wa Pemba akiutazama mtambo huo hataona ugeni mkubwa. Uzito unaowekwa chini ili usipinduke ni farumi. Kinachofungwa juu ili usizame moja kwa moja ni chelezo. Kazi yote ya kuulinganisha ili utulie majini, usiibuke wala usizame, ni ile ile anayoifanya nahodha anapopakia jahazi. Mota zinazofaa zaidi ni za zile pampu ndogo za kutolea maji ya ngama, kwa kuwa zimeundwa tangu mwanzo kustahimili maji. Na adui mkubwa wa mtambo ni yule yule adui wa jahazi, nalo ni tundu dogo. Kila mita 10 za kina huongeza mgandamizo wa karibu kilo moja juu ya kila sentimita moja ya mraba. Kiungo kisichovuja katika pipa la maji huweza kuvuja vibaya katika mita 30.

Wengine watauliza kwa nini ufungwe waya katika zama hizi za simu zisizo na waya. Jawabu ni kwamba mawimbi ya redio hayapenyi katika maji ya chumvi ila kwa masafa mafupi mno. Waya ndio ulimi na sikio la mtambo, na mtambo ukikwama, waya ndio kamba ya kuuvutia.

Lipo tukio moja ambalo tungependa kila mwalimu wa skuli za Unguja na Pemba alijue. Mwaka 2004, katika mashindano ya mitambo ya majini yaliyofanyika Santa Barbara, California, walifika vijana wanne wa skuli ya sekondari ya Carl Hayden, kutoka mji wa Phoenix ulio katikati ya jangwa. Walikuwa watoto wa wahamiaji maskini kutoka Mexico. Mtambo wao wa mabomba ya plastiki uligharimu kiasi cha dola 800, nao walijiandikisha kushindana na vyuo vikuu, kikiwamo hicho Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts tulichokitaja. Kabla ya kushindana mtambo ulivuja. Walikwenda dukani wakanunua pamba za kike, wakazitia ndani ya kisanduku ili zinyonye maji yasifike kwenye mitambo ya umeme. Walishinda, na vyuo vikuu vikabaki nyuma yao. Sisi ambao mafundi wetu wamekuwa wakitia kalafati kwa pamba na mafuta karne kwa karne, hatuna sababu ya kustaajabia pamba ile. Tunachopaswa kustaajabia ni kwamba vijana wa jangwani wametutangulia baharini.

Hatutaki kumdanganya mtu. Mtambo wa mabomba hautamfikia silikanti, kwa sababu makao yake ya kawaida yapo zaidi ya mita 100 chini. Mkondo wa Pemba unafika karibu mita 800, na huko bado zitahitajika meli na mitambo ya gharama. Lakini Mkondo wa Unguja ni bahari nyingine, kina chake hakifiki mita 100. Mwaka 2012 Eric Stackpole na David Lang wa California waliitangaza OpenROV, mtambo mdogo uliokusudiwa kufika mita 100, na michoro yake wakaiacha wazi kwa yeyote anayetaka kujiundia. Tukiweka ramani hizo mbili pamoja tunaona kwamba sehemu kubwa ya sakafu ya bahari inayotulisha ipo ndani ya uwezo wa chombo cha kujitengenezea wenyewe. Tusiache kukianza kinachowezekana kwa kukingojea kisichowezekana.

Hata hivyo kupiga picha za samaki si utafiti. Mtambo ukishushwa leo hapa na kesho kule, kwa kuwapendezesha wageni wa heshima, utakuwa mwanasesere wa gharama. Utafiti ni kurudi mahali pale pale. Hutandikwa kamba ya mita 50 chini, mtambo ukapita juu yake kwa mwendo mmoja na kwa kimo kimoja, na picha zikahesabiwa: matumbawe mazima, matumbawe yaliyokufa, nyasi za bahari, mchanga. Huandikwa tarehe, saa, kina na joto la maji. Taa mbili za leza zilizofungwa sambamba, zikiachana sentimita 10, humwezesha mtazamaji kumpima samaki asiyemgusa. Baada ya miezi sita hurudiwa vile vile. Daftari la namna hiyo lingalikuwapo katika kila wilaya kabla ya mwaka 1998, maji ya moto yalipoyaunguza matumbawe ya Bahari ya Hindi, leo tungalijua kwa hesabu ni mwamba gani uliopona na upi ulioangamia.

Na kazi hiyo haiwezi kufanywa bila ya mvuvi. Mota ndogo hazishindani na maji ya bamvua, na waya mrefu huburutwa na mkondo kama tanga lililolegea. Sharti mtambo ushushwe wakati wa maji mafu, katika saa ambayo maji yametulia. Saa hiyo haijulikani ofisini, anaijua mvuvi. Kwa hiyo mtaalamu na mvuvi watalazimika kukaa katika ngalawa moja, na huenda hiyo ikawa ndiyo faida kubwa kuliko zote.

Tunasema hivyo kwa kuwa ugomvi mwingi wa pwani unatokana na kutoonana. Baadhi ya shehia, kama vile Kisiwa Panza huko Pemba, zimekuwa zikifunga sehemu ya miamba yao kwa muda ili pweza wakue. Mtu anayeambiwa asivue mahali alipovua baba yake ana haki ya kuonyeshwa sababu. Akioneshwa, mbele ya baraza ya sheha, picha ya mwamba ule kabla ya kufungwa na baada ya kufunguliwa, atajihukumia mwenyewe. Na ikiwa picha zitaonyesha kwamba kufunga hakukuleta manufaa, ofisa naye awe na ujasiri wa kukubali. Jicho hilo lisiwe la kumchunga mnyonge tu. Litazame pia nanga za vyombo vya watalii na maji machafu yatokayo katika majengo ya pwani.

Hatari nayo ipo, na tusiifumbie macho. Jicho linalomwona jongoo bahari kwa ajili ya kumhesabu linaweza kumwona kwa ajili ya kumkomba. Kwa sababu hiyo kila mtambo uandikishwe, na kamati ya wavuvi ijue unashushwa wapi na kwa kazi gani.

Mwaka 2020 Serikali ya Mapinduzi ilitoa Sera ya Uchumi wa Buluu na kuunda Wizara inayoshughulikia uchumi huo pamoja na uvuvi. Mjini Unguja ipo Taasisi ya Sayansi za Bahari tangu mwaka 1978, na Mbweni kipo chuo cha sayansi na teknolojia kinachoitwa kwa jina la Mzee Karume. Watu wapo na karakana zipo, kinachohitajika ni kuwaunganisha. Tunashauri mambo matatu. Kwanza, meza moja ya kazi hii iwekwe katika vyuo vya ufundi vya Unguja na Pemba, na wanafunzi wapewe betri na mabomba badala ya semina. Pili, kibali cha kushusha mtambo kiwe na njia moja inayojulikana, na kijana asizungushwe kwa "njoo kesho" mpaka kusi igeuke kaskazi. Tatu, kila picha inayopigwa chini ya maji yetu, na mwenyeji au na mgeni, nakala yake ibaki hapa, katika taasisi na katika shehia yenyewe.

Wapo watakaosema kwamba skuli zina upungufu wa vitu vya lazima zaidi. Ni kweli. Lakini dola 800 za wale vijana wa Phoenix ni chini ya bei ya mashine moja mpya ya boti, na hatujapata kusikia ofisi ikishindwa kununua mashine ya boti kwa hoja ya madawati.

Mali yetu imo mvunguni, na mvungu wenyewe ni bahari. Silikanti wa Nungwi alitupandia juu mara moja, amekwisha kufa. Safari hii tushuke sisi.