Tumefunga Disko Toto, Tumewafungulia Wapi?

Kila inapokaribia sikukuu, iwe Idi, Krismasi au Mwaka Mpya, makamanda wa polisi wa mikoa husimama mbele ya waandishi wa habari na kusoma tangazo ambalo wengi wetu tunaweza kulikariri. Wazazi wasiwaache watoto watembee peke yao. Wasiwaruhusu kwenda baharini bila uangalizi. Disko toto ni marufuku.

Tangazo hilo lina chimbuko lake. Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idi el Fitri, watoto wapatao 20 walipoteza maisha mjini Tabora katika ukumbi wa muziki uliojazwa kupita kiasi. Walikwenda kusherehekea sikukuu, wakarudishwa nyumbani wakiwa maiti. Taifa liliomboleza, kisha Serikali ikapiga marufuku. Siipingi marufuku hiyo hata kidogo. Ukumbi wa pombe si mahali pa mtoto, na mwenye ukumbi anayehesabu viingilio bila kuhesabu vichwa hastahili kuaminiwa na watoto wa watu.

Ninachokihoji ni hatua ya pili, ile ambayo haikuchukuliwa. Watoto wale hawakwenda kwenye ukumbi wa giza kwa sababu waliupenda kuliko bustani. Walikwenda kwa sababu katika mji mzima huo ndio uliokuwa mlango pekee uliowaita kwa jina lao, kwa bei waliyoweza kuimudu. Tuliufunga mlango ule. Miaka mingi sasa imepita, na bado hatujaonyesha mwingine.

Ninaishi Kongowe, Kibaha. (Watu wa mjini huichanganya na Kongowe ya Mbagala. Yetu iko kando ya Barabara ya Morogoro, zaidi ya kilomita 40 kutoka Posta.) Huku ndiko lilikohamia tabaka zima la watumishi wa umma, walimu, wauguzi, mafundi na wafanyabiashara wadogo waliochoshwa na kodi za nyumba za Dar es Salaam. Walinunua viwanja, wakajenga polepole, tofali kwa tofali, na wakapata watoto. Sensa ya 2022 iliihesabia Dar es Salaam watu zaidi ya milioni 5.3, lakini idadi hiyo haituhesabu sisi tunaolala Mkoa wa Pwani na kuamka saa kumi alfajiri kwenda kufanya kazi jijini. Kwa mzazi wa namna hii Jumamosi si siku ya mapumziko. Ni siku ya kufua, ya msiba, ya kikoba, ya kusimamia fundi. Mtoto akiuliza, "Baba, leo tunakwenda wapi?" jibu la kweli ni kwamba hatuendi popote.

Wapo watakaosema kwamba mandari ni anasa, na kwamba nchi yenye upungufu wa madawati haina haja ya kuzungumzia bembea. Hoja hiyo imekaa kama busara, lakini sheria zetu zenyewe zinaikataa. Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya 2009, katika kifungu cha 8, inataja mambo ambayo mtoto anastahili kupata: chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu na mwongozo, uhuru, na haki ya kucheza na kupumzika. Kucheza kumewekwa katika orodha moja na chakula. Tatizo ni kwamba kifungu hicho kinambebesha wajibu mzazi au mlezi, na mzazi hana mamlaka ya kutenga ardhi. Anaweza kumruhusu mtoto acheze, lakini hawezi kuandika neno "uwanja" kwenye ramani ya mipango miji. Kwa upande huo inatupasa kuusoma Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991. Ibara yake ya 31 inaitaka dola yenyewe iitambue haki ya mtoto ya kupumzika, kucheza na kushiriki maisha ya utamaduni.

Sasa tuitazame hali ilivyo. Familia ya Kongowe ikitaka kuwatoa watoto, iende wapi?

Wazo la kwanza kwa wengi ni Coco Beach. Ni ufukwe wa umma, hakuna geti wala kiingilio, na mihogo ya kukaanga ya pale ina sifa yake. Lakini angalia ulipo. Oysterbay ilipangwa na Waingereza kuwa makazi ya Wazungu, na hadi leo ni mtaa wa wenye nacho. Uwanja mkubwa wa wazi katikati ya jiji, Mnazi Mmoja, nao haukutengwa kwa ajili ya watoto wa Kariakoo. Ulitengwa na utawala wa kikoloni kama ukanda wa kuwatenganisha Waafrika na wengine. Katika kejeli za historia hii ni mojawapo ya zile nzito: nafasi za wazi tunazozifurahia leo tuliachiwa na watu waliozipanga kwa ubaguzi, na sisi tuliojitawala tumeongeza chache mno. Bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani karibu na Makumbusho ya Taifa imebaki kipande kidogo cha ilivyokuwa.

Kisha kuna Makumbusho ya Taifa penyewe, Mtaa wa Shaaban Robert, yaliyofunguliwa mwaka 1940. Ningependa kila mtoto wa Kongowe afike pale kabla ya kumaliza darasa la saba. Ni pale anapoweza kujifunza habari za fuvu la Zinjanthropus, lililopatikana Olduvai mwaka 1959, na akaelewa kwamba dunia nzima huja nchini kwake kutafuta asili yake. Ataona pia magari yaliyotumiwa na viongozi wa taifa. Kwa uzoefu wangu, watoto hukaa kwenye magari hayo muda mrefu kuliko kwenye fuvu, na sioni ubaya. Kijiji cha Makumbusho, kilichoanzishwa mwaka 1966 kando ya Barabara ya Bagamoyo, kina nyumba za asili za makabila mbalimbali, za ukubwa halisi, ambazo mtoto anaweza kuinama na kuingia. Mtoto aliyezaliwa katika nyumba ya tofali za saruji huuliza maswali pale ambayo hatayauliza darasani: moshi ulitokea wapi, ng'ombe walilala na nani, mvua ikinyesha ilikuwaje.

Ila kufika huko kutoka Kongowe ni kupanda magari mawili, pengine matatu, mkiwa na mtoto mmoja mgongoni na mwingine anayetapika kila basi linapopiga kona. Barabara imepanuliwa kutoka Kimara hadi Kibaha, na hilo ni jambo la kushukuru. Hata hivyo upana wa barabara haupunguzi idadi ya nauli.

Hapo ndipo kilipoingia kivutio kipya, treni ya reli ya kisasa. Tangu safari za abiria zianze kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, watoto wengi hawaombi tena kupelekwa kuona simba. Wanaomba kupanda treni. Tufanye hesabu. Nauli ya daraja la kawaida hadi Morogoro ilipangwa kuwa shilingi 13,000 kwa mtu mzima, na nusu yake kwa mtoto wa miaka 4 hadi 12. Baba, mama na watoto watatu wa umri huo watalipa shilingi 45,500 kwenda, na 91,000 kwenda na kurudi. Hapo hamjanunua maji, wala hamjalipa nauli ya kufika stesheni. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kilipandishwa hadi shilingi 500,000 kuanzia Julai 2025. Safari moja ya siku moja inameza karibu moja ya tano ya mshahara huo, na huyo ni mtumishi mwenye ajira rasmi. Muuza mbogamboga wa Mlandizi hatujamtaja.

Simlaumu aliyepanga nauli, kwa maana reli ile inafaa kila senti kwa msafiri mwenye shughuli. Ninasema tu kwamba burudani ya familia ya kawaida haiwezi kujengwa juu ya tiketi. Na hicho ndicho kinachotokea. Palipo na bembea pana geti. Palipo na bwawa la kuogelea pana hoteli. Palipo na kivuli pana meza, na ukikaa kwenye meza mhudumu anakuja kuuliza mnakunywa nini. Mtoto wa leo anajifunza mapema kwamba nafasi ya kukaa hununuliwa. Sijui kama kuna somo la uraia linaloweza kulifuta somo hilo.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba mali ipo, tena karibu yetu. Upande wa Kisarawe kuna hifadhi ya msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, msitu wa asili wa pwani ulio jirani kabisa na jiji, na mapango yaliyochimbwa zamani kwa ajili ya madini ya kaolini, ambayo popo wameyafanya makazi. Hatua chache kutoka huko, Pugu, ndipo Julius Nyerere alipofundisha katika shule ya Mtakatifu Fransisko hadi alipojiuzulu mwaka 1955 ili aitumikie TANU. Jumlisha msitu, pango na historia ya uhuru katika siku moja, na una mandari ambayo miji mingi duniani ingeitangaza kwenye mabango. Sisi tunaitangaza kwa wageni na kwa vijana wenye baiskeli za gharama. Hakuna basi la wilaya linalotoka Kibaha siku ya Jumamosi na kuwashusha watoto pale.

Na papo hapo Kibaha kuna Shirika la Elimu, lililoanza mwaka 1963 kama mradi wa nchi za Nordic na kukabidhiwa kwetu mwaka 1970. Waliolipanga hawakujenga madarasa peke yake. Waliweka shule, mafunzo ya wakulima, afya, maktaba na viwanja katika eneo moja, wakiamini kwamba maendeleo ya mtu hayakatwi vipande. Tungechukua fikra hiyo moja tu na kuipeleka katika kila kata iliyopimwa baada ya hapo, nisingekuwa ninaandika makala haya.

Badala yake tumepima viwanja na kusahau uwanja. Mtaani kwetu kulikuwa na eneo ambalo kila mtu alilijua kuwa la mpira. Magoli yalikuwa ya mirunda, wavulana walicheza chandimu, wasichana walichora rede pembeni. Siku moja zikaja nguzo, kisha mchanga, kisha msingi. Wazee walipouliza, waliambiwa mwenye eneo amepatikana. Watoto wamehamia barabarani, na bodaboda zinapiga honi.

Wenzetu wa Nairobi waliwahi kufika njia panda kama hii. Mwaka 1989 ilitangazwa kwamba ndani ya Uhuru Park lingejengwa jengo la ghorofa 60. Wangari Maathai aliandika barua, akadhihakiwa bungeni, akaendelea kuandika, hadi wafadhili wakajitoa na mradi ukafa. Muongo mmoja baadaye alipigana tena kwa ajili ya msitu wa Karura. Leo familia za Nairobi hutembea humo na watoto wao, ingawa nao hulipa kiingilio. Ninachokitilia mkazo katika kisa hicho ni kwamba hakuwa na silaha nyingine mwanzoni zaidi ya kujua hasa ni eneo gani, mpango ni upi, na barua iende kwa nani.

Sisi hatujui hata hayo. Ndiyo maana nina ombi kwa wanafunzi wangu, hasa mnaosoma jiografia, sheria na mipango miji. Chukueni ramani ya mipango ya mtaa mmoja, mmoja tu. Hesabuni maeneo yaliyoandikwa kuwa ya wazi, ya michezo au ya burudani. Kisha tembeeni kwa miguu mkaone kilichopo juu yake. Andikeni: kanisa, msikiti, baa, gereji, nyumba ya mkubwa fulani, au nyasi. Tasnifu ya namna hiyo nitaisimamia kwa furaha kuliko ya kumi na moja kuhusu utandawazi.

Kwenu watumishi wa halmashauri, mnaosoma ukurasa huu kimyakimya na kunipigia simu usiku kuniambia mambo ni magumu, ninayafahamu hayo. Lakini halmashauri zimeweza kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa sababu sheria ilisema hivyo na mtu akaulizwa asipotenga. Kwa watoto wanaotaka kucheza, hakuna anayeulizwa. Bembea nne za chuma, miti ya kivuli, choo kinachofungwa na kufunguliwa kwa saa zinazojulikana, na mlinzi mmoja mwenye mshahara: hilo ni kasma ndogo kuliko semina nyingi ambazo nimewahi kualikwa kutoa mada.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Mapendekezo ya miradi hutoka ngazi ya mtaa miezi mingi kabla ya hapo, katika mikutano ambayo sisi wenye shahada huwa hatuhudhurii. Safari hii mimi nitahudhuria wa kwetu, nikiwa na namba ya kitalu cha uwanja ule wa chandimu na swali moja la kuingizwa kwenye muhtasari: matumizi ya eneo hili yalibadilishwa lini, na kwa idhini ya kikao kipi?